Nilivyopata kazi ya uchechemuzi bila kuhama Tanga

Uchechemuzi ni kazi ya kuwashawishi wenye maamuzi wabadili mambo, na kwangu ni mambo ya vijana. Nianze na walionishauri, maana hasira bado ninayo. Nilipomaliza chuo nikarudi nyumbani Makorora na shahada yangu ya utawala, kila mtu alikuwa na la kunambia. Ami yangu aliyeko Dar alisema kazi za vijana na sera ziko huko kwao, Tanga mtu hukaa akanenepa tu. Marafiki wakasema nisikose kongamano hata moja, "utajulikana." Mwingine, mwenye shahada mbili, akaniambia nikachukue ya pili kwanza. Hakuna hata mmoja aliyenielekeza ofisi ya mtendaji wa kata, ambayo kwa baiskeli hata jasho hulitoi.

Makongamano nilihudhuria, sikatai. Fulana za tarehe 12 Agosti, Siku ya Vijana Duniani, ninazo za kugawia ukoo mzima. Tunakaa ukumbini, mgeni rasmi anatueleza habari za bomba la mafuta kutoka Hoima kule Uganda mpaka Chongoleani hapa kwetu Tanga, tunapiga makofi, tunakula pilau, tunasoma tamko, tunarudi makwetu. Siku moja nikaichukua kalenda ya bajeti nikaisoma vizuri. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kwa hiyo Agosti tunapopaza sauti, fedha za mwaka huo zimeshapangiwa kazi, na za mwaka unaofuata hakuna anayezijadili bado. Maoni ya mitaa na kata huanza kukusanywa kwenye Novemba hivi, madiwani hupitisha makisio Januari au Februari, Bunge la bajeti huanza Aprili. Miezi hiyo yenye maana hakuna anayegawa fulana.

Basi nikaenda kwa mtendaji. Nilimkuta anaandika muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata kwa mkono, kompyuta ya ofisi imefunikwa kitambaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Una shida gani?"

Nikamwambia shida sina, nina laptop. Alinikagua juu mpaka chini akitafuta ninachouza. Jioni ile nikauchapa ule muhtasari, asubuhi nikampelekea. Kikao kilichofuata nikaalikwa: nikae pembeni, kura sina, niandike.

Ukichapa mihtasari unaanza kuona vikao vinavyokula maneno ya watu. Kijana atasimama azungumze kwa uchungu mpaka sauti imkauke, kwenye karatasi inakuwa "vijana walitoa maoni, kikao kilipokea." Kikishapokea, limekwisha hilo. Lakini jambo likiandikwa "kikao kiliazimia", likapewa mhusika na tarehe, linaingia kwenye yatokanayo. Na yatokanayo ni ajenda ya kila kikao: kikao kijacho litasomwa, mhusika ataulizwa limefikia wapi, na kama hajafanya kitu litasomwa tena kinachofuata, mbele ya watu wale wale.

Jambo letu halikuwa kubwa. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2018, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vijana wa kwetu walikuwa na vikundi visivyo na katiba wala akaunti ya benki, na andiko la mradi wakiandikiwa na jamaa wa duka la stesheneri kwa bei anayoijua mwenyewe. Tulitaka mawili. Tangazo la mikopo lifike vijiweni, sokoni na maegesho ya bajaji, lisiishie kwenye ubao wa ofisi. Na afisa maendeleo ya jamii atenge siku moja kila wiki akae na vikundi.

Wakazungumza dereva wa bajaji na dada mmoja fundi cherehani, wakazungumza vizuri sana. Wajumbe wakatikisa vichwa. Mwenyekiti, mheshimiwa diwani, akasema, "Tumewasikia wanetu," huku anafunua ajenda inayofuata.

Nikanyoosha kalamu juu. "Samahani mheshimiwa mwenyekiti, ni kwa ajili ya muhtasari tu. Niandike kikao kimepokea au kimeazimia?"

Kimya. Vijana wanamtazama. Wenyeviti wa mitaa wanamtazama. Mwanasiasa gani atasema "kimepokea" hapo?

"Andika kimeazimia."

"Ahsante. Mhusika?"

Macho yakamwendea afisa maendeleo ya jamii.

"Na tarehe ya kuanza, mheshimiwa?"

Hapo mtendaji alinikanyaga mguu chini ya meza. Lakini tarehe niliipata! Kisa hiki nimekisimulia harusini, kwenye daladala, na kwa watu ambao hawakuniuliza.

Aprili 2023 serikali ikasitisha mikopo ile ili kupanga upya utaratibu. Wengi walivunja vikundi wakarudi kulaumu. Azimio letu hakuna aliyelisitisha, limo kwenye yatokanayo, kwa hiyo afisa aliendelea kukaa na vikundi, siku nyingine ananung'unika. Mikopo iliporudi mwaka 2024, vya kwetu vilikuwa na katiba, akaunti na maandiko yao wenyewe. Si vyote vilivyopata. Vilivyopata havikumlipa jamaa wa stesheneri hata shilingi.

Kuhusu barua za kuomba taarifa maofisini: ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inaipa ofisi siku 30 kukujibu. Ofisi moja ilinizungusha mpaka nikajifunza kupeleka nakala mbili, yangu nikaigongesha mhuri wa kupokelewa masijala. Tangu hapo sijaambiwa tena "barua yako hatukuiona."

Muda wote huo sikuwa na mshahara. Nilikuwa nafundisha tuisheni watoto wa kidato cha nne, hela ikiishia kwenye bando na fotokopi, laki na kitu kwa mwaka, pengine zaidi, sikuweka hesabu na mama aliacha kuuliza. Halafu shirika moja likatangaza nafasi ya afisa uchechemuzi. Kwenye usaili wenzangu walimwaga uwezeshaji na ushirikishwaji. Mimi Sera ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 niliisoma, Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 niliusoma, lakini waliponiuliza dai la kijana linafikaje baraza la madiwani, nikaomba karatasi nikawachorea miezi yote, nani anakaa kikao gani, na mlango unafungwa lini. Mmoja wao akaomba abaki na ile karatasi.

Kazi ni ya mkataba wa mwaka mmoja mmoja, inategemea wafadhili, asikudanganye mtu. Ukitaka kujaribu, Novemba ikaribiapo mtafute mtendaji wa kata yako, umuulize mihtasari yake nani anaichapa.