Mbaazi zangu, fukusi, na ushauri wa pilipili

Anayetaka kuniambia habari za kutia pilipili kavu kwenye gunia la mbaazi ili kufukuza fukusi, aniambie kwanza kama yeye amewahi kula mbaazi hizo.

Mimi napika mbaazi na mahamri hapa Kisauni, Mombasa. Nanunua gunia soko la Kongowea bei ikishuka, naweka. Adui ni fukusi, wadudu wadogo wanaobungua punje. Huja na mayai yao tangu shambani, vidoa vyeupe vimegandama kwenye punje. Kiwavi hujitoboa ndani, na kwa joto letu hili, mwezi mmoja tu mbaazi zimebunguliwa. Vidonge vya kufukizia sivitaki kabisa. Gesi yake inaua watu, na sisi chumba cha kulala ndicho ghala.

Basi jirani akanishikilia na pilipili. Nikasaga, nikachanganya kwa mikono. Usiku huo mume wangu alipiga chafya mpaka akahamia barazani na mkeka wake. Baada ya wiki kadhaa nafungua gunia: fukusi wanatembea juu ya pilipili, wazima, wamenona! Mbaazi nikaziosha maji matatu, nikatia tui zito. Mzee wa kwanza kuonja akaniangalia: "Mwanangu, leo umepika mbaazi au achari?"

Muarobaini siukatai, majani makavu hupunguza, ila mimi nauza chakula.

Kilichonifaa ni kuwanyima pumzi. Mifuko ya PICS, ile ya kuhifadhia nafaka yenye tabaka tatu zisizopitisha hewa, hufanya kazi hiyohiyo, lakini panya wa mtaa wetu hawaheshimu mfuko. Nikachukua mitungi ya plastiki iliyokuwa na mafuta ya kupikia, shilingi mia mbili hivi mmoja, ukibembeleza pungufu. Kabla ya kulipa, funga mtungi mtupu uukande ubavuni. Ukisikia unapuliza, huo uwe wa maji.

Mbaazi lazima zikauke kwelikweli, la sivyo zitavunda humo ndani. Mimi hutia kiganja cha mbaazi na chumvi kidogo kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, natikisa, naiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, narudisha mbaazi juani. Ila chumvi yenyewe ikaange kwanza! Huku pwani chumvi ya jikoni ina maji yake, itakudanganya.

Halafu jaza mpaka shingoni, gonga chini, ongeza tena. Nafasi ukiiacha ndiyo hewa yao. Natia nailoni mbili chini ya kifuniko, nakaza, nazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Fukusi waliomo wanamaliza hewa wenyewe, wanakufa. Binti yangu alifungua mmoja "kuchungulia tu, mama". Nilimsema siku nzima, maana hewa imeingia na kazi inaanza upya.

Pojo za Ramadhani natia kwenye mitungi midogo, ya lita 5, kwa sababu ukishafungua ni kumaliza upesi, na pojo hatupiki kila siku.