Siku Moja Maishani Mwangu: Ng'ombe Mnono Mwenye Njaa

Saa 11:30 alfajiri pikipiki imeshawaka. Huku Rungwe ukungu haukuruhusu kukimbia, lakini kuna ng'ombe aliyeonyesha joto la kutaka dume jana jioni, na uhimilishaji, yaani kumpandikiza mbegu kwa mrija, hausubiri. Kufikia saa 3 nimemaliza, na kuku wa kaya mbili nimeshawachanja kideri. Wengi wanadhani kazi ya afisa mifugo inaishia hapo: choma sindano, ondoka.

Saa 4, simu. "Daktari, ng'ombe wangu amegoma pumba. Majani anachaguachagua."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ni ndigana hiyo, mchome."

Ndigana ni homa inayoletwa na kupe. Alishachomwa antibayotiki mara mbili, dawa ya kununua dukani. Kipimajoto kikasoma 38.6. Hana homa. Amezaa wiki tatu zilizopita, na lita 18 za maziwa zimeshuka hadi 9. Nikainama puani mwake: harufu tamu, kali, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha.

Nikasema si ndigana, ni ketosisi: mwili una njaa ya sukari, unayeyusha mafuta yake. Mzee hakukubali, kwa hiyo nikahitaji mkojo. Nikasimama nyuma ya ng'ombe nikimpapasa taratibu chini ya uke, dakika kumi, ishirini, mvua inanishukia mgongoni, na mkwewe ananihoji kwa simu kutoka Dar es Salaam, spika wazi: "Ng'ombe mnono vile, njaa itoke wapi?" Mwishowe akakojoa. Karatasi ya kipimo ikageuka zambarau iliyokolea.

Nikaeleza mara tatu. Maziwa yananyonya sukari ya damu kuliko anavyoweza kuirudisha kwa kula. Sukari ikishuka, insulini inashuka nayo, na insulini ndiyo breki ya mafuta mwilini. Juu yake, homoni ya ukuaji imepanda baada ya kuzaa, inayafanya mafuta yasiisikie hata ile insulini kidogo iliyobaki. Adrenalini nayo inasukuma. Mafuta yanavunjwa, yanamiminika kwenye damu, ini linaelemewa, linatoa ketoni, mabaki ya mafuta yaliyovunjwa, ndizo zilizogeuza rangi ya karatasi. Ndiyo ile harufu. Na ketoni zikijaa hamu ya kula inazidi kufa, basi mafuta yanazidi kuvunjwa.

"Nilimlisha vizuri kwa sababu nampenda," mzee akasema, sauti imeshuka.

Nilijua. Miezi miwili ya mwisho ya mimba alimjazia pumba hadi mbavu zikapotea. Ng'ombe aliyenona hivyo akizaa ndiye anayekosa hamu ya kula upesi, na ndiye mwenye mafuta mengi ya kuyeyuka. Iliniuma kumwambia.

Glukosi ya asilimia 50, chupa ya mililita 500, mshipa wa shingo. Inaingia polepole, maana ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Nikaishikilia chupa juu hadi bega likafa ganzi. Sukari ikipanda insulini inapanda, mafuta yanatulia, ila kwa saa chache tu. Nikamwachia propilini glaikoli, dawa ya kunywesha, mililita 300 kila siku kwa siku 5, ini lipate cha kutengenezea sukari.

Baada ya hapo saa sikuzifuata tena. Ndama anayeharisha, tope, ripoti ya kata, ndizi moja ya kuchoma niliyoila nimesimama. Mkono ulikuwa bado unatetemeka nikiandika.

Usiku nimeshalala, mzee akapiga. "Mwanangu, hii dawa ya kesho nimnyweshe vipi asipaliwe?"

"Usimwinue kichwa sana, mzee. Chupa pembeni ya mdomo, kidogo kidogo. Akikohoa, mwachie kwanza."

"Kabla ya kukamua?"

"Kabla."