Kupiga picha za besiboli Marekani: usiufukuze mpira

Mpiga picha aliyezoea harusi na kandanda akipata kibarua cha kwanza cha besiboli huku Marekani, mara nyingi atapelekwa ligi ndogo. Ziko timu 120 chini ya zile kubwa 30. Kosa la siku ya kwanza huwa moja tu: kuufukuza mpira kwa lenzi. Mrushaji yuko mita 18.44 kutoka alipo mpigaji, na mpira wa kilomita 150 kwa saa humfikia chini ya nusu sekunde. Kidole kikiitika, mambo yamekwisha.

Kwa hiyo kabla ya kila mrusho amua tukio litaishia wapi. Mkimbiaji akiwa kituo cha kwanza, fokasi iwe kituo cha pili: ama ataiba kituo (atakimbilia kinachofuata bila kungoja mpira upigwe), ama mpira wa chini utapelekwa huko watolewe wawili kwa mpigo. Akiwa cha pili na mpira ukapigwa mbali, mwache mpira uende zake, mfuate yeye hadi nyumbani, yaani kituo cha mwisho, pale anaposimama mpigaji. Lenzi ya milimita 400 inafika kituo cha pili vizuri, ila mtu akiteleza nyumbani itamkata miguu. Kamera ya pili yenye lenzi ya milimita 70-200 ining'inie begani.

Kasi ya shata fanya hesabu mwenyewe. Kwa 1/500 ya sekunde mpira husogea sentimita 8 hivi, zaidi ya upana wake, unatoka kama yai lililovutwa. Kwa 1/2000 ni sentimita 2. Usiku shuka hadi 1/1000, tundu la lenzi f/2.8, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ipande hata 6400. Chenga, zile punje punje kwenye picha, zinasafishika, ukungu wa mwendo hausafishiki. Taa za zamani humeta mara 120 kwa sekunde kwa kuwa umeme wa huku ni hezi 60. Usipowasha kinga ya mmeto kwenye kamera, picha moja itatoka ya njano na inayofuata giza.

Gongo (la mti, si la kunywa) kugusa mpira ndiyo picha kila mhariri anaitaka. Kamera ikipiga 20 kwa sekunde, kati ya picha na picha mpira umeshakwenda mita 2, hivyo kuwahi ni nusu bahati. Anza kubonyeza mguu wa mbele wa mpigaji unapotua, si unaposikia mlio. Mpigaji wa mkono wa kulia huelekeza kifua upande wa kituo cha kwanza, kwa hiyo kaa huko upate uso. Shida ni kwamba akichelewa kupiga, mpira hupotokea huko huko, kwako. Picha zako zitazame kati ya awamu, timu zinapobadilishana zamu ya kupiga. Mrushaji akiwa na mpira, usiinamie skrini.

Mechi ya saa saba mchana, kofia hutia kivuli usoni na jezi nyeupe huidanganya kamera, nyuso zikatoka nyeusi. Weka kila kitu kwa mkono, pimia uso, halafu punguza kidogo tu jezi isiungue.

Maelezo ya picha ndiyo yanayowaangusha wengi. Chukua orodha ya wachezaji ya siku hiyo hiyo, maana ligi ndogo hupandisha na kushusha watu katikati ya wiki na namba hubadilisha wenyewe. Kila mpigaji akija mara ya kwanza, piga mgongo wake wenye namba. Sentensi ya kwanza: nani anafanya nini, dhidi ya nani, awamu ya ngapi, mji, tarehe.

Na ukisoma kwa viza ya F-1, vibarua vya namna hii vinahitaji idhini ya kazi kabla hujabonyeza picha ya kwanza. Mwenye haki ya kufanya kazi asome kwenye mkataba hakimiliki inabaki kwa nani, kisha atenge pesa ya kodi mwenyewe: kibarua wa kujitegemea hakatwi, na mchango wa hifadhi ya jamii na matibabu ya uzeeni peke yake ni asilimia 15.3.