Kabati la bibi harusi

Jana mvua ilinikimbiza hapa Innsbruck, Austria, nikajikuta ndani ya Tiroler Volkskunstmuseum, makumbusho ya sanaa za jadi za mkoa wa Tirol, nikasema si mbaya nipate joto kidogo, jamani nimetoka huko saa mbili baadaye! Wana makabati na masanduku ya zamani ya wakulima wa milimani, yamechorwa maua, ndege, mioyo, mengine mpaka jina la bibi harusi na mwaka. Kumbe msichana akiolewa vyombo vyake vilipakiwa kwenye mkokoteni, kabati, kitanda, sanduku la mashuka, vikapitishwa kijijini watu waone, nikacheka peke yangu maana nimekumbuka sanduku la bibi yangu kule Tanga, lile la njumu, vile vipambo vya madini, ambalo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. Halafu mbao zenyewe ni msonobari tu, mbao za bei chee, kwa hiyo wakazipaka rangi zifanane na mbao za matajiri. Kilichoniuma ni kwamba karne iliyopita ikaja fasheni ya mbao tupu, watu wakakwangua rangi yote. Unakwanguaje jina la bibi ya mtu kweli?