Dawa ya kugandisha: wiki ya tatu

Januari ya Kisumu haina huruma. Saa nane mchana hata feni inapuliza joto, na barafu niliyotia kwenye glasi ya dawa (ile kokteli, si ya hospitali) huyeyuka kabla sijakaa. Ndiyo nikapata wazo: dawa ileile ya vodka, ndimu na asali, ila iwe imeganda yenyewe, niile kwa kijiko kama granita, ile barafu tamu ya kukwanguliwa ya Sicily.

Wiki ya kwanza nilimwaga yote. Nusu lita ya maji ya ndimu na asali, robo lita ya vodka, usiku kucha kwenye friza, na asubuhi nikakuta supu baridi. Vodka ya asilimia 40 peke yake haigandi mpaka kama nyuzi 27 chini ya sifuri. Kichumba cha barafu cha friji yangu ya mlango mmoja hakifiki hata 18, na mimi nilikuwa nimekipa mchanganyiko wenye pombe asilimia 13.

Wiki ya pili ndiyo ya yai. Niliacha ndimu, nikanunua ukwaju soko la Kibuye, nikauloweka usiku, nikauchuja. Wanaotengeneza sorbeti (juisi tamu iliyogandishwa) nyumbani hupima sukari kwa yai bichi lililooshwa: likielea na kutokeza kipande cha ganda kama sarafu ya shilingi tano, sukari imetosha. Langu likazama tuu. Nikaongeza sukari. Likazama. Nikaongeza tena, nakoroga huku jasho linatona, mpaka likaibuka. Sikukumbuka kwamba vodka nilishaitia mwanzoni! Pombe ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo yai lingezama hata juisi ikiwa tamu tayari. Na sukari nayo, kama pombe, huzuia kuganda. Nilichopata ni tope la kunata. Jirani alionja kijiko kimoja akakirudisha taratibu: "Omera (yaani ndugu yangu), kweli hii ni dawa. Ya kikohozi."

Wiki hii: yai kwanza, vodka baadaye, na mililita 60 tu kwa nusu lita ya juisi, yaani pombe asilimia nne na kidogo. Nikamimina kwenye sinia pana la bati, kina kisichozidi vidole viwili. Kila nusu saa nakwangua kwa uma, kutoka kingoni (ndiko kunakoganda kwanza) kuelekea katikati. Mara ya tatu nikaanza kusikia ule mkwaruzo wa chembe. Halafu stima ikapotea.

Iliporudi usiku, juu kulikuwa na barafu isiyo na ladha, chini sukari yote imetuama. Nikayeyusha, nikakoroga, nikaanza upya. Saa sita usiku nakwangua sinia, watu wamelala.

Jumapili shemeji alikuja, naye hanywi pombe. Kwa ajili yake niligandisha ukwaju mtupu na chumvi kidogo sana, na wa kwangu nikaumiminia mililita 30 za vodka iliyolala kwenye friza. Chembe zinalainika pembeni, katikati zinabaki kavu, na huo ndio mgando niliokuwa nautafuta tangu wiki ya kwanza. Shemeji alimaliza bakuli lake akaanza kuchungulia sinia.

Kilo moja ya ukwaju imebaki. Kesho nitajaribu na pombe ya jini.