Maji Kwanza, Miche Baadaye: Tulivyolirudisha Hori Letu Baada ya Barabara Kupita

Barabara kuu ilipopanuliwa huku kwetu kusini mwa Kilifi, ilivuka kichwa cha hori letu, pale mkono wa bahari unapokuwa mwembamba na mikoko kukutana na minazi. Barabara yenyewe ilijengewa kalvati kubwa la zege la kupitisha maji chini yake, na hilo halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa tuta la muda lililowekwa kando yake ili malori na mitambo ivuke wakati wa ujenzi. Lilikuwa tuta la kifusi na udongo mwekundu, na chini yake mabomba machache ya kupitisha maji. Lami ikakamilika upande wetu, malori yakahamia mbele, tuta likabaki. Misimu ya mvua haikupita mingi kabla ya michu, aina mojawapo ya mikoko, iliyokuwa nyuma ya tuta kuanza kukauka kutoka kwenye ncha, na akina mama waliokuwa wakiokota kaa pale wakaacha kwenda.

Kikundi chetu kina kitalu cha miche, na tuko pamoja na wavuvi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo. Kwa hiyo tulipoitwa kwenye mkutano tukaambiwa kuna pesa za kupendezesha kando ya barabara na "kupanda mikoko", ilionekana kazi imekuja mlangoni. Miche tunayo, mikono tunayo. Lakini mimi nilikuwa na swali moja tu, na nililiuliza mpaka watu wakachoka nami: mikoko iliyokuwepo imekufa kwa nini? Kama aliyewaua wenzao bado yuko palepale, miche yetu tunaipeleka wapi?

Mchu unapumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope, vijiti vyembamba vimesimama pande zote za shina. Tope likiifunika mizizi hiyo, mti unakosa hewa. Watu wa Mombasa waliliona hilo katika hori la Mwache baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, pale matope yaliyoteremka kutoka bara yalipotua juu ya mikoko na sehemu kubwa ikakauka. Hapa kwetu mvua ilikuwa ikiteremsha udongo mwekundu kutoka kwenye kingo mpya za barabara, hilo lilionekana kwa macho. Jambo la pili ndilo lililohitaji kuulizia. Mzee mmoja mvuvi, ambaye amelijua hori hili tangu utotoni, alinishika mkono akanipeleka mpaka ukingoni mwa tuta.

"Mwanangu, bamvua likija maji yanafika hapa, yanapanda kidogo, yanarudi. Kule nyuma si hori tena. Ni dimbwi."

Bamvua ni siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida, nasi tukataka kulithibitisha neno lake. Tulichukua vijiti virefu, tukavifunga vipande vya kanga nyeupe iliyochakaa, kipande juu ya kipande kwa nafasi ya shibiri, tukavichomeka mbele na nyuma ya tuta. Maji yalipopwa tulisoma vipande: vilivyochafuka tope ndivyo vilivyofikiwa na maji. Mbele ya tuta vilichafuka karibu vyote siku za bamvua. Nyuma yake vilichafuka viwili vya chini, na siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, hakuna hata kimoja. Halafu fundi wetu wa ujenzi akaja na mpira wake mwangavu wenye maji, ule wa kusawazishia msingi wa nyumba, tukapima vinywa vya mabomba. Vilikuwa juu ya sakafu ya hori kwa kimo kinachozidi goti la mtu mzima. Maana yake, bahari iliingia siku za bamvua pekee, na ikishaingia haikuweza kutoka yote. Jua likachemsha lile dimbwi, chumvi ikazidi. Mvua ikija, maji ya barabarani yakajaa mle mle, chumvi ikapotea kabisa. Hakuna mkoko unaovumilia maisha ya namna hiyo.

Tulipompelekea injinia habari hii alisikiliza kwa heshima, kisha akafungua makaratasi. "Mama, kwenye mkataba kuna nyasi na miti. Hakuna kuchimba hori."

Hapo nilielewa jambo ambalo ningependa kila kikundi cha pwani kilijue. Kwenye orodha ya kazi na gharama za barabara, kupanda nyasi na miti huwekwa mwisho, na mwisho ukifika mitambo imeshaondoka. Mtu anabaki na jembe mbele ya tuta la kifusi. Kwa hiyo dai letu halikuwa pesa zaidi. Tulitaka ekskaveta, mtambo wa kuchimba, ifanye kazi pale kabla haijapakiwa. Tulisema, punguzeni miche, tupeni mtambo. Na tulikuwa na mambo mawili ya kusimamia. Moja, mpango wa usimamizi wa mazingira, ambao barabara kubwa haiwezi kuanza bila huo, ulisema kazi za muda ziondolewe na ardhi irudishwe ilivyokuwa. Pili, mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu tangazo la 1932, kwa hiyo tulimwomba ofisa wa misitu aje na asimame nasi pale pale matopeni, si ofisini. Alikuja, akavua viatu. Baada ya siku ile mazungumzo yakawa mepesi.

Tuta lilikatwa wakati wa maji mafu, kwa kuwa siku hizo maji hayafiki kichwani mwa hori na mtambo unakuta ardhi ngumu. Ekskaveta ilichimba ikirudi nyuma, ikijikalia juu ya kile inachokiondoa, ili isikanyage tope zima. Kifusi tulisisitiza kibebwe, kisisambazwe pembeni, maana kifusi kilichosambazwa ni tuta lingine lililolala.

Sehemu iliyonifanya nikose usingizi ilikuwa kimo cha ardhi. Ukiacha juu mno, unapata uwanja mkavu wa chumvi. Ukichimba chini mno, unapata bwawa. Na kitabu hakiwezi kukupa jibu la hori lako. Jibu tulilipata kwa majirani: upande wa pili wa kalvati kulikuwa na mikoko mizima, mikandaa na michu, imesimama vizuri. Fundi akavuta mpira wake kutoka kwenye shina la mkandaa ulio hai mpaka mahali tulipokuwa tukichimba, na kimo hicho ndicho tulichomwonyesha dereva wa mtambo kwa vigingi vyenye rangi. Vijito vidogo tulivifungua wenyewe kwa majembe na sepetu, tukifuata mikunjo ambayo wazee waliikumbuka. Injinia kijana mmoja alitaka vinyooke. Mzee wetu alimwambia kwa upole kwamba maji ya hori hayana haraka, na kijana akakubali.

Bamvua la kwanza baada ya hapo liliingia usiku. Asubuhi vipande vya kanga vilikuwa vimechafuka sawasawa mbele na nyuma. Watu walipiga vigelegele.

Bado hatukupanda mkoko hata mmoja. Kingo za barabara zilikuwa zingali zikimwaga udongo mwekundu, na ningekuwa naizika miche kwa mikono yangu. Huko juu tulitandaza kwanza ule udongo wa juu wenye rutuba ambao ulikuwa umekwanguliwa na kulundikwa wakati wa ujenzi. Bahati yetu haukuwa umeuzwa. Kisha tukapanda vetiva, nyasi ya kushika udongo, kwa mistari inayokata mteremko, mche karibu na mche, mwanzoni mwa masika ili mvua iwe mwagiliaji. Mizizi ya vetiva inashuka chini mita kadhaa badala ya kutambaa, na ile isiyozaa mbegu haivamii mashamba ya watu. Kati ya mistari tukaacha nyasi za kienyeji zijiotee. Mwisho wa kila mtaro tulichimba shimo pana lenye mawe, maji yatulie na kuacha tope lake pale kabla ya kugusa hori. Mashimo hayo hujaa. Yanataka kuzolewa baada ya kila mvua kubwa, na asiyeyazoa ni heri asingeyachimba.

Kwa miti ya kando ya barabara kulikuwa na mapendekezo ya kupanda mjohoro na mwarobaini mistari mizima, kwa sababu inakua upesi. Nilipinga. Hapa pwani tuna mkwaju, tuna mbambakofi, tuna mkoma, miti inayoijua ardhi hii na chumvi ya upepo wake. Tuliipanda mbali na lami, nje ya mitaro, ili dereva aone kona na mizizi isipasue zege. Karibu na lami ni nyasi fupi tu. Walioinusuru miti hiyo wakati wa kiangazi ni wauza madafu na mahindi. Wengine walitaka wahamishwe ili pawe "pasafi". Sisi tuliwaachia nafasi yao, tukapanda mikwaju nyuma ya vibanda, na kila muuzaji akachukua miti yake kadhaa. Wana maji ya kuoshea mikono, wana macho ya kuona mbuzi wakija, na wanakitaka kivuli kuliko mtu mwingine yeyote. Miti iliyo mbali na vibanda ililiwa sana na mbuzi hata baada ya kuzungushiwa miiba.

Turudi horini. Niliwaomba wenzangu tungoje msimu wa mbegu upite kabla ya kupanda. Haikuwa rahisi, kwa sababu wageni walitaka picha ya watu wameinama wakichomeka miche, na tope tupu halipendezi kwenye picha. Lakini maji yakishafunguka huleta wapandaji wake. Mbegu za mchu, bapa kama kunde zilizovimba, zilikuja zikielea na kukwama kwenye mabaki ya vijiti. Za mkandaa zikafuata. Zilipoota tukaziona zimejipanga zenyewe kwa vimo, kila aina pale inapoweza kuishi, vizuri kuliko ambavyo sisi tungezipanga.

Tulipanda mapengo tu. Kando ya vijito tuliweka mkoko wenyewe, aina inayobeba jina la kundi lote, kwa mbegu zake ndefu za kijani. Mbegu ya mkoko haivunwi kwa kuvutwa. Unaishika, unaizungusha kidogo: iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapoungana na kofia yake, na inaachia yenyewe mkononi. Yenye shingo ya kijani muachie mama yake. Unaididimiza kwenye tope kama thuluthi ya urefu wake, ncha kali chini, hatua moja kutoka kwa mwenzake. Sehemu za juu, ambako kaa hutafuna mbegu changa usiku, tulipeleka miche ya mkandaa iliyokwisha kukomaa kitaluni. Tulikuwa na miche ya mlilana pia na mfadhili mmoja aliipenda, lakini mlilana ni mti wa mbele unaotazama bahari. Hatukuipanda kichwani mwa hori.

Sasa kaa wadogo wenye gando moja kubwa wamelitoboa tope lote nyuma ya lilipokuwa tuta, na matundu yao yanaingiza hewa na maji chini kuliko jembe lolote. Vifaranga vya mkizi wanaonekana kwenye vijito maji yanapojaa. Akina mama wamerudi na fito zao za kutafutia kaa. Kipande kimoja bado ni kitupu, pale malori yalipokuwa yakigeukia, udongo umeshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Tumeanza kuuvunja kwa sururu siku za maji mafu na kukiunganisha na kijito kilicho karibu.

Linalonisumbua ni kalvati. Mkandarasi hulishughulikia wakati wa kipindi cha dhamana, na kipindi hicho kina mwisho. Chupa za plastiki, makuti na magogo yanaziba mdomo wake kila mvua, na likiziba tunarudi kwenye dimbwi. Tumeandika barua kuomba usafishaji wake uingizwe kwenye matengenezo ya kawaida ya barabara, na kikundi chetu kipewe kazi hiyo kwa malipo, kabla ya masika na kabla ya vuli. Barua imepokelewa na kugongwa muhuri. Wakati tunangoja jibu, vijana wa BMU wanaingia na nyavu kuukuu kila bamvua linapopita, wanautoa uchafu, nasi akina mama tunaupakia kwenye mkokoteni.