Vyombo nje Jumamosi asubuhi

Masika ndo kwanza yanaanza, sa nne hivi, natoka kununua mkate wa kumimina huku kwetu Ngamiani, Tanga, nakuta samadari ya jirani yangu iko nje karibu na mtaro, pembeni kabati la nguo, jiko la mkaa, karai lake la kukaangia kachori, na vijana wanne wanaendelea kutoa. Dalali kasimama na karatasi mkononi, mgambo wawili wanakula miwa. Bi mkubwa mwenyewe hayupo, yuko Pangani anamuuguza dada yake, yaani vyombo vyake vimetoka kabla yeye hajajua kama anafukuzwa.

Nyumba ni ya taasisi ya umma, jina naliacha maana sitaki maneno. Deni ni miezi 19, kodi 45,000 kwa mwezi, piga hesabu mwenyewe, 855,000. Na mi sisemi alikuwa hana makosa. Hela alikuwa anazipata kidogo kidogo kwenye kachori na bajia, akawa anaona bora amalizie ada ya mjukuu chuo, kodi itasubiri, na kodi kweli ikasubiri. Ukimuuliza anakwambia "mwanangu, nyumba ya serikali haiondoki". Hapo alikosea.

Lakini sasa nisikilize. Mkataba wa ile nyumba mpaka leo una jina la marehemu mumewe. Meseji za kudaiwa, zile zenye kontrol namba ya kulipia, miezi yote 19 zilikuwa zinakwenda kwenye laini ya marehemu ambayo ilishafungwa zamani! Walikuwa wanamdai maiti kwa simu. Na ofisi yao siyo mbali jamani, ukipanda baiskeli hata jasho halijakutoka umefika (Tanga hii, nani hana baiskeli), ila mtu wa kuja kugonga mlango mwezi wa pili, kusema "shikamoo mama, naona miezi miwili haijaingia, vipi kuna tatizo?", huyo hakupatikana, aliyepatikana ni dalali mwezi wa 19. Karatasi ya siku 14 walibandika mlangoni, yeye yuko Pangani, mvua ikaila.

Hilo ndo langu leo. Deni la nyumba za umma linakuzwa na ukimya, na wanaonyamaza ni wote wawili, mpangaji anajificha na mwenye nyumba amelala, halafu siku mwenye nyumba akiamka anaamka na hasira.

Wazee wa hapa bado wanaziita nyumba za namna hii "nyumba za Msajili", hata zisizokuwa zake. Kwa wadogo zangu msiojua, National Housing (shirika la nyumba la taifa) ilianzishwa 1962 ili watu wa kipato kidogo wapate pa kukaa, halafu 1971 serikali ikataifisha majumba ya watu ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba, mengine mnayaona mjini kati hapa yana balkoni za zamani na rangi imebabuka, na 1990 Msajili akaunganishwa na National Housing. Kodi ilikuwa inadhibitiwa na sheria mpaka 2005 sheria ile ikafutwa. Kwa hiyo kuna kizazi kizima kilizoea kodi ya nyumba ya umma ni kitu kidogo ambacho ukichelewa hakuna anayekuuliza. Mazoea hayo hayaondoki kwa tangazo la kwenye gari la spika.

Na kuna kingine hakisemwi. Baba mkubwa wangu alikuwa reli, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya zamani, ikavunjika 1977, wale wazee wakadai mafao yao miaka na miaka, kuna wenzao walifika kukaa barabarani kabisa kule Dar. Baba mkubwa naye alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba ya umma. Kila akiletewa barua anavaa kanzu anakaa barazani anasema "waambie wakate kwenye hela yangu waliyonayo". Tulikuwa tunacheka, ila ukikaa ukafikiri mzee alikuwa na hoja. Ongeza viwanda, mbolea, chuma, mkonge, vyote vile vilivyoyumba au kufungwa, mji mzima ukabaki na watu wenye mikataba ya nyumba waliyoingia wakiwa na mishahara. Kukopa harusi kulipa matanga, tena sie matanga yetu yana mji kabisa.

Sasa kwa upande wa pili, kuna watu kweli wanastahili kufuli na wala sitawaonea huruma. Yule ambaye mkataba una jina lake, kodi anatakiwa alipe 45,000, yeye yuko zake Dar, ndani kamuweka mtu anayempa yeye 120,000 kila mwezi, na ile 45,000 yenyewe haipeleki! Huyu anadaiwa nini na ugumu wa maisha? Huyu anafanya biashara na nyumba ya umma, na mtaa mzima unamjua, balozi wa nyumba kumi anamjua, muuza genge anamjua, ofisi tu ndo haimjui. Anza na huyo. Halafu kuna ofisi kubwa kubwa. Mnakumbuka 2016 Rais Magufuli alipokwenda Magomeni aliagiza wadaiwa wa National Housing watolewe hata kama ni wizara, watu wakashangilia kweli, maana kila mtu alikuwa anajua si wauza kachori peke yao wanaodaiwa.

Kwa hiyo wafanye nini? Kwanza waende wakahesabu nani anakaa wapi, mlango kwa mlango, majina ya marehemu yatoke kwenye mikataba. Mwezi wa pili mtu aende kwa mguu, asitume meseji. Akikuta mjane anampa mpango wa kulipa, kodi ya mwezi ule pamoja na 25,000 ya deni, yule bi mkubwa angemaliza miaka mitatu kasoro. Ni mrefu eh? Ndio ni mrefu, ila linganisha na walichopata. Chumba kimefungwa kufuli leo mwezi wa nne, hakina mpangaji, 180,000 nyingine imeshapotea, dalali kaongeza gharama zake juu ya deni, na deni lenyewe halijalipwa hata shilingi kwa sababu mwenye kulipa karai lake la kachori lilipasuliwa siku ile ile. Mwisho wakishindwana wapelekane Baraza la Ardhi na Nyumba, huko tarehe juu ya tarehe najua, ila angalau mtu anasikilizwa akiwa yupo.

Kumbukeni pia mwenye nyumba wa kawaida mtaani anataka miezi sita mkupuo, au mwaka. Nyumba ya umma unalipa kwa mwezi. Kwa mtu wa kachori hiyo peke yake ni nusu ya uhai, ndo maana akishatolewa hana pa kwenda, siyo kwamba atahamia mtaa wa pili.

Aliporudi toka Pangani hakulia, aliuliza tu chungu chake cha wali kiko wapi. Sasa hivi analala kwa mwanawe Makorora, watu sita chumba na sebule. Kabati lake bado liko barazani kwangu, nimelifunika turubai, na kila anayepita anauliza bei.